Isale Juu ya Hotipoti

Zuhura,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na maandishi yangu. Ulisema makala zangu zina baraza refu kuliko nyumba. Basi leo nakuingiza ndani moja kwa moja: kiwanja cha Mforosadini tumekipata. Mkutano wa mtaa umeridhia nyumba za bei nafuu za ushirika wenu wa wapangaji zijengwe pale, na msingi wa safu ya kwanza umeshachimbwa. Mwanao Mwanaidi amepewa nyumba ya pembeni, ile inayotazama barabara. Mwenyewe ndiye aliyeing'ang'ania. Alisema hawezi kuamka alfajiri kukaanga vitumbua halafu azunguke nyuma ya nyumba za watu na hotipoti mikononi.

Tumeshinda, na aliyeshinda si mimi. Hilo ndilo limenikalisha chini nikuandikie. Mimi nilikwenda mkutanoni na hotuba, nikashindwa vibaya mbele ya mtaa mzima. Kilichotuokoa ni jani moja na adabu uliyomfundisha mwanao. Tulia, nitafika.

Kwanza siku uliyotutoka. Tulikuzika baada ya swala ya adhuhuri, mvua ya masika ikiwa imetulia kidogo kama iliyoombwa. Jioni watu wakaendelea kuja kuhani. Akaja jirani yangu Mzee Elinami, yule wa lango la kijani, amevaa koti lake la kanisani, na mkewe Mama Aikande amebeba mchele na sukari. Mzee akampa Mwanaidi pole, akaketi, kisha akauliza kwa upole wote alio nao, "Sasa mwanangu, mnasafirisha lini?"

Mwanaidi akamtazama. "Tunasafirisha nini, babu?"

"Mama. Kwenda kwenu."

"Tumeshamzika, babu. Mchana. Hapa hapa Moshi."

Mzee akanigeukia mimi kana kwamba nilikuwa nimeshiriki uhalifu. "Hapa mjini?"

Ningekuwa na wewe pembeni ungenifinya ili nisicheke. Sikucheka, lakini sikukasirika pia, na unajua kukasirika kwangu si kazi. Mzee hakuwa na nia mbaya. Kwetu sisi watu wa mlimani hakuna mtu wa mjini. Mjini watu wanakaa tu. Nyumbani ni kihambani, kwenye migomba na kahawa ya ukoo, walipolala babu na bibi. Mimi mwenyewe nimejenga Mforosadini, wanangu wamezaliwa Mforosadini, lakini mtu akiniuliza kwetu wapi, mdomo unasema Masama kabla kichwa hakijafikiri. Wewe babu yako aliletwa na reli, bibi yako alishuka kutoka Upare, baba yako alizaliwa nyuma ya soko, nawe ukazaliwa, ukaolewa, ukafiwa na mume na kuzeeka kwenye vyumba vya kupanga karibu na hospitali ya Mawenzi. Ukiulizwa kwenu wapi ulijibu, "Kwani hapa nilipokaa hupaoni?"

Sehemu ya kwanza ya ardhi ya Moshi ambayo hakuna mwenye nyumba atakayekuja kukuhamisha ni ile tuliyokulaza. Nimeandika sentensi hii mara mbili nikaifuta mara mbili. Sasa naiacha. Nina hasira nayo, na hasira yangu ni halali.

Nakukumbusha tulikuwa tumefikia wapi, maana ulituacha katikati. Mwenye nyumba yenu alikuwa ameshawaambia kwamba anabomoa ili ajenge fremu za maduka. Wapangaji wote wa ua ule mkaanza kuambiwa na kila mwenye mdomo: nendeni huko chini, upande wa Chekereni, vyumba vipo. Chekereni si pabaya, wali tunaokula unatoka kule. Lakini mteja wa kitumbua cha moto yuko kwenye geti la hospitali kabla jua halijatoka, muuguzi anayetoka zamu na ndugu aliyekesha na mgonjwa. Mfagizi wa wodi, mshona viatu, mama wa ndizi, wote kazi zao ziko mjini na zinaanza asubuhi mbichi. Kuwapeleka mbali ni kuwanyima kazi kwa lugha ya adabu. Wewe ulilisema hili kwa maneno machache kuliko mimi: "Wanataka vitumbua vyetu, hawataki jiko letu."

Ndipo mkaanzisha ushirika, ndipo Manispaa ikasema kile kiwanja kikavu cha Mforosadini kinaweza kutolewa iwapo mkutano wa mtaa utaridhia. Na hapo mtaa wangu, mtaa wa watu waliosoma, watu wa kwaya na harambee, ukaota meno.

Ulizisikia hoja zao. Maji yatapungua. Kelele zitaongezeka. Hadhi ya mtaa itashuka. Hadhi! Neno hilo huwa linatoka mdomoni mwa mtu ambaye takataka zake zinachukuliwa na mtu wa chumba kimoja, nguo zake zinafuliwa na mtu wa chumba kimoja, mama yake mzazi anageuzwa kitandani na mtu wa chumba kimoja. Halafu jioni mtu huyo aliyeibeba hadhi yako siku nzima unataka apotelee wapi? Mtaa hauwezi kuwa na mikono mchana na usiwe nayo usiku.

Na ile hoja kwamba mtaleta wezi ndiyo iliyonichemsha kuliko zote. Kila Desemba sisi wote tunafungasha, tunapanda mlimani, Masama, Kibosho, Marangu, Rombo, tunakwenda kuchinja na kugombana na ndugu zetu. Mforosadini inabaki na mbwa na mapazia. Na funguo tunamwachia nani? Mimi nilikuachia wewe. Mzee Elinami alimwachia yule mama mfua nguo wa ua wenu. Lango la bluu walimwachia mshona viatu. Mlikuwa mnamwagilia maua yetu, mnalisha kuku wetu, mnawasha taa za baraza jioni ili pasionekane patupu. Wewe ulisimama mlangoni kwangu mwaka baada ya mwaka, kanga begani, ukipunga mkono: "Nendeni kwenu salama. Sisi tunawalindia mji." Desemba mnakuwa walinzi, Januari mnakuwa wezi. Sijapata kusoma katika kitabu chochote kalenda ya ajabu kama hiyo.

Basi unakumbuka Jumamosi ile Mzee Elinami na wenzake walipokwenda kiwanjani na majembe wakapanda masale, ile mimea yetu ya majani marefu, kuzunguka eneo lote. Walisema ni kupendezesha. Nani asiyejua? Mchagga akipanda masale pembeni mwa ardhi amesema mpaka ni hapa na asiye wa ndani asivuke. Nilipokueleza ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Yaani mmetufukuza kwa ua, na ua lenyewe halichanui?" Tangu siku hiyo ukawa unayaita maua yenu bubu.

Kazi ya pili ya isale sikupata nafasi ya kukuambia. Ukaugua, mazungumzo yetu yakawa ya dawa na vipimo. Ninapofikiria mambo yote niliyoahirisha kukuambia kwa sababu nilidhani...

Haya. Mkutano.

Ulifanyika Jumamosi mchana katika darasa la shule ya msingi ya mtaa. Ungefurahi kuwaona wazee wa malango makubwa wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Wapangaji wenzako walisimama kando ya ukuta, ingawa nafasi ya kukaa ilikuwepo, na hilo likaniudhi hata kabla sijafungua mdomo. Nilifungua. Nilianza na historia ya ardhi tangu wakoloni, nikapitia miji ya nchi nyingine nilizozisomea, nikaja kwenye katiba. Nikasema kuhusu Desemba na funguo, na hapo nikaona nyuso mbili tatu zinalegea. Ningeketi pale pale, Zuhura, tungekuwa tumeshinda. Sikuketi. Nikawaita wanafiki. Nikaona neno limeingia vizuri, nikalirudia.

Nyuso zikafunga kama maduka.

Mzee Elinami akainuka taratibu, maana dawati lilikuwa halimwachii. Hakupaza sauti. "Mwalimu amesoma, tunamshukuru. Mimi nina neno moja tu. Kila mtu ana kwao. Sisi tuna kwetu. Na hawa ndugu zetu wana kwao, kila mmoja alikotoka. Kwa nini wasiende wakajenge kwao?"

Wakapiga makofi. Si wachache. Nilisimama nikitafuta jibu, mimi ninayelipwa na magazeti kwa kuwa na jibu, na nilichokiona kichwani ni lile kaburi jipya na udongo wake mwekundu. Mwenyekiti wa mtaa akasema kama hakuna zaidi wanaoridhia wanyooshe mikono.

Hapo ndipo mwanao akaingia.

Alikuwa amechelewa, ametoka getini hospitali kwenye biashara ya mchana, kisha akapitia jikoni kukaangia mkutano vitumbua, kwa sababu wewe ulimlea kuamini kwamba watu hawawezi kujadiliana na njaa. Amebeba ile hotipoti yako kubwa ya rangi ya machungwa. Unajua kibanio chake kilivyovunjika, ulikuwa unaifunga kwa kamba ya mgomba. Siku hiyo kamba ilikatika njiani, karibu na kiwanja. Mwanaidi akatazama kushoto na kulia, akaona yale maua yenu bubu, akachuma jani moja refu gumu, akalizungusha juu ya mfuniko, akalipiga fundo.

Akaingia. Akaona watu wazima wengi. Akafanya ulichomfundisha, kuanzia kwa mkubwa. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Elinami, mwenye mvi kuliko wote, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili yenye hotipoti, na juu yake isale limefungwa fundo.

"Shikamoo babu. Karibu."

Darasa likanyamaza, Zuhura. Yaani nusu ya darasa. Wenzako waliosimama ukutani waliona hotipoti. Sisi tuliokaa tuliona kitu kingine. Maana hii ndiyo kazi ya pili ya isale: ukimkosea mtu, au mkiwa mna ugomvi uliowashinda, unampelekea isale lililofungwa fundo, na unaliweka mbele yake. Ni kuomba msamaha, ni kuomba yaishe. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ni damu imemwagika, hakatai. Babu zetu walikuwa wakali kuliko mimi, na kwa jani hilo walikuwa wanakaa chini.

Mzee mikono yake ilikuwa imeshainuka kupokea. Ikasimama hewani.

"Mwanangu," akasema, "umefunga isale?"

"Nimefunga hotipoti, babu. Kibanio kimevunjika."

Mtu nyuma akapasuka kicheko. Mwingine akasema, "Yelewi! Mangi, leo umeshikwa!" Darasa zima likachemka, Kichagga na Kiswahili kwa pamoja, na Mwanaidi maskini katikati, goti bado limekunjwa, akidhani ameleta vitumbua vibaya.

Mzee akakohoa. Akasema kwa sauti ya kanisani kwamba binti hajui, kwamba asiyejua hahesabiwi, na kwamba tuendelee na mikono.

Ni Mama Aikande aliyesimama. Mkewe. Unamkumbuka hakuwahi kusema neno kwenye kikao chochote. Nilikuwa nadhani amekuja kushika mkoba.

"Baba Aikande," akasema, "wewe ulipoyapanda masale pale kiwanjani, uliyapandia nani?"

"Mama, kaa chini."

"Nakaa. Uliyapandia nani? Sisi tunajua mpaka wa kiwanja kile, hatuhitaji kuonyeshwa. Uliwapandia hawa. Ulitaka wayaone wajue wasivuke. Siku hiyo ulisema wanajua maana yake. Leo wamekuletea fundo, unasema hawajui. Wanajua au hawajui? Chagua moja, vitumbua vinapoa."

Rafiki yangu, nimeandika makala kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Sijawahi kuandika aya kama ile.

Mzee aliangalia jani. Akamwangalia mkewe. Kisha akapokea hotipoti kwa mikono miwili, akaiweka kwenye dawati lake, na akalifungua lile fundo kwa uangalifu kama anafungua kitambaa cha madhabahu. Jani akalikunja, akalitia katika mfuko wa koti.

"Sijabadili mawazo," akasema. "Mwalimu asije akaandika kwamba nimebadili mawazo. Lakini isale nimelipokea. Sitakuwa mimi mtu wa kwanza katika ukoo wangu kulirudisha."

Akanyoosha mkono. Baada ya mkono wake, mikono mingine. Mmoja mmoja, halafu mingi. Si wote, wa lango la bluu alikunja mikono yake mpaka mwisho, na nimeshamwambia kwamba namheshimu kwa kutokuwa mnafiki, akanuna zaidi. Wenzako ukutani walikuwa wanatazamana hawaelewi kilichotokea, mpaka mfua nguo akauliza kwa sauti, "Ni vitumbua hivyo hivyo vya siku zote?" Tukacheka sote. Mwanaidi akaanza kugawa, na kwa kuwa hapakuwa na sahani, akatoa magazeti.

Magazeti yangu, Zuhura. Yale niliyokuwa nakuletea kila Ijumaa. Mzee Elinami alikula kitumbua juu ya picha yangu, akainua karatasi, akasema, "Mwalimu, hapa umeandika vizuri." Nikasikia sauti yako nyuma ya sikio, wazi kabisa, ile ya getini hospitali asubuhi ya baridi: "Makala zako zinanyonya mafuta vizuri sana, mwenzangu. Usiache kuandika."

Bado naleta magazeti Ijumaa. Mara moja moja miguu inanipeleka mpaka pale ulipokuwa unaweka jiko, nasimama kama mjinga, halafu nakumbuka. Mwanaidi anayapokea, anasema asante Mama mdogo, ananipa kitumbua. Iliki anaweka kidogo kuliko wewe. Sijamwambia. Nitamwambia siku moja, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema, lakini bado sijaweza.

Sasa usidhani nimelainika. Kuna watakaosema kwamba watu wa Mforosadini wana moyo mzuri na mila nzuri, ikaishia hapo. Mimi nakataa, na nimeshaandika kwamba nakataa. Mtu hapaswi kusubiri kibanio kivunjike ndipo apate pa kuishi. Hakuna aliyekosa kwa kuwa mpangaji, na ninyi hamkuwa na msamaha wa kuomba. Kama kuna waliopaswa kubeba lile jani na kupiga goti, ni sisi tuliokaa kwenye madawati. Nilimwambia hivyo Mzee Elinami uso kwa uso, kwenye lango lake la kijani. Unajua alinijibu nini? "Ndiyo maana nililiweka mfukoni, Mwalimu. Ulidhani naliweka nimpelekee nani?"

Wiki iliyofuata akaja kiwanjani na jembe, bila kualikwa. Mafundi walitaka kuyang'oa masale yote yapishe msingi. Akawazuia, akayang'oa mwenyewe kwa mizizi, akaenda akiyapanda upya katikati ya nyumba na nyumba, kidogo kidogo, mche hapa mche pale. Mwanaidi akamuuliza kazi yake nini. Akasema, "Huu ni mpaka wako. Ukigombana na jirani, chuma hapo hapo." Wanabishana sasa kuhusu bomba la maji, yeye na ushirika, kila Jumamosi, na anabisha kama kiwanja ni cha baba yake. Mimi nimefurahi. Watu hawabishani hivyo na wageni.

Nilitaka uone. Basi, nilitaka tu uone. Ulikuwa na haki ya kusimama mlangoni kwako, si kwangu, na kanga yako begani, na kumwambia mtu karibu. Umelikosa hilo kwa miezi michache, na hakuna hoja inayoweza kunishawishi kwamba ni sawa. Nimejaribu. Nimesoma sana, na hamna.

Desemba inakaribia. Ndugu zangu wa Dar wameshaanza kupiga simu kuuliza mbuzi. Nitapanda Masama kusali na kuwasalimia wazee, kisha mchana ule ule nashuka. Mwanaidi anasema nyumba yake itakuwa imeezekwa, na amenialika pilau. Funguo zangu sitampa mtu. Mwanaidi ataenda kumtembelea shangazi yake Upare siku mbili tatu baada ya hapo, yeye na wanawe, mara yao ya kwanza kusafiri Desemba, maana miaka yote mlikuwa mnatulindia sisi. Amenikabidhi ufunguo wake. Nitawasha taa ya baraza jioni ili pasionekane patupu, nitamwagilia yale maua bubu, na mtu yeyote akisimama barabarani akaniuliza wenye nyumba hii kwao wapi, nitamjibu ulivyokuwa unajibu wewe, kwa sauti yangu mimi, ambayo unajua inafika mbali.

Pumzika, Zuhura. Mwaka huu mji naulinda mimi.

Mwenzako wa magazeti